Kutoka Vipande Saba vya Mbao hadi Gemu la Mkononi

Msimu wa korosho ulipofungwa, dada yangu anayeishi Mikindani alimnunulia mwanawe wa miaka minane gemu la mkononi lililokwisha kutumika, ambalo ndani yake mna mafumbo ya kupanga vipande mpaka vijaze kivuli cha samaki, cha nyumba au cha mtu anayekimbia. Siku ya tatu mtoto alilirudisha kwenye boksi lake na kusema kwamba limeharibika, kwa kuwa kuna kipande kimoja ambacho kila akikizungusha kinakataa kuingia mahali pake. Gemu halikuwa limeharibika. Kipande kile kilitakiwa kupinduliwa, si kuzungushwa, na mtoto ambaye hajawahi kushika kipande cha namna hiyo mkononi hana njia ya kujua kwamba hayo ni mambo mawili. Maelekezo haya yametokana na majuma kadhaa niliyokaa naye barazani, na yanafuata mpangilio ambao ningeufuata tena hata leo: vipande vya kushikika kwanza, vivuli vya karatasi vifuate, na skrini iwe ya mwisho.

Fumbo lenyewe

Fumbo ambalo magemu mengi ya aina hii yamelichukua ni tangramu, mchezo wa China ambao wenyewe wanauita qiqiaoban, yaani ubao wa maarifa saba. Ulivuka bahari na kufika Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1810 watu wa huko waliushabikia kwelikweli. Mraba mmoja hukatwa vipande saba: pembetatu mbili kubwa, pembetatu moja ya wastani, pembetatu mbili ndogo, mraba mdogo mmoja na msambamba mmoja. Masharti yake hayazidi matatu, nayo ni kwamba vipande vyote saba vitumike, vigusane, na kisiwepo kinachopanda juu ya kingine. Mchezaji hupewa kivuli cheusi kisichoonyesha mipaka ya vipande, naye hutafuta namna ya kukijaza.

Mwaka 1942 wanahisabati wawili wa China, Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung, walithibitisha kwamba maumbo yasiyo na kona inayoingia ndani, yanayoweza kujengwa kwa vipande vyote saba, ni 13 tu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mzazi anaweza kudhani kwamba umbo rahisi, kama mstatili au pembetatu moja kubwa, ndilo la kumwanzishia mtoto. Ukweli ni kinyume chake. Umbo lililofungamana halimpi mchezaji mahali pa kuanzia, ilhali kivuli chenye mkia, masikio na miguu humwonyesha mara moja ni kipande gani kimekaa wapi. Kwa hiyo anza na paka, na mstatili uje baadaye sana.

Kuchora na kukata

Chukua ubao au kadibodi yenye mraba wa sentimita 16 kila upande. Kipimo hiki nakipendelea kwa sababu kinagawanyika kwa mbili bila taabu, na kwa sababu kipande kidogo kabisa kinabaki na upande mrefu wa sentimita 8, ambao mkono wa mtoto unaweza kuushika bila kuutafuta chini ya mkeka. Utahitaji penseli iliyochongwa vizuri, rula, msasa laini na, kama unatumia kadibodi, wembe mpya na gundi.

Zipe kona za mraba majina: A juu kushoto, B juu kulia, C chini kulia na D chini kushoto. Piga mstari wa ulalo kutoka B hadi D. Katikati ya upande wa BC weka alama E, na katikati ya upande wa CD weka alama F, kisha unganisha E na F. Pembetatu iliyotokea kwenye kona ya C ndiyo ile ya wastani. Sasa tafuta katikati ya mstari wa EF, upaite G, halafu piga mstari kutoka A mpaka G. Mstari huo utaukata ulalo wa BD katikati kabisa, mahali tutakapopaita O, na pembetatu mbili kubwa zitakuwa zimekwisha kupatikana, moja kila upande wa mstari wa AO.

Kilichobaki ni ukanda ulio kati ya ulalo na mstari wa EF, nao ndio unaotoa vipande vinne vya mwisho. Weka alama H katikati ya O na B, kisha unganisha H na E, na hapo utapata mraba mdogo na pembetatu ndogo ya kwanza. Weka alama K katikati ya O na D, kisha unganisha K na G, na hapo utapata pembetatu ndogo ya pili na msambamba. Usiendeleze mistari hii miwili hadi kwingine, kwa maana wanaokosea wengi hukosea hapa: huunganisha K na F badala ya K na G, wakaishia na vipande visivyolingana na kivuli chochote.

Hakiki kwa rula kabla ya kukata. Pembetatu kubwa iwe na pande mbili za sentimita 11.3 na upande mrefu wa sentimita 16. Ya wastani iwe na pande mbili za sentimita 8. Ndogo iwe na pande mbili za karibu sentimita 5.7 na upande mrefu wa sentimita 8. Mraba uwe na karibu sentimita 5.7 kila upande, na msambamba uwe na pande za 8 na 5.7. Tofauti ya milimita moja si neno, lakini tofauti ya milimita tatu itaonekana pindi mtoto atakapojaribu kupanga vipande vitano kwenye mstari mmoja.

Katika suala la malighafi nina msimamo. Kadibodi ya boksi la biskuti au la sabuni inatosha kwa kuanzia, mradi ubandike tabaka mbili huku mifereji ya tabaka moja ikipita kinyume cha mifereji ya nyingine, maana tabaka moja hujikunja, na katika miezi ya mvua hapa pwani hulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Plaiwudi ya milimita 6 ni bora zaidi, na seremala yeyote ana mabaki yake karibu na mlango. Watu wa Mtwara hupenda kuniuliza kwa nini tusitumie mpingo, ilhali tunaishi na wachongaji wa vinyago. Mpingo ni mzuri sana kwa kinyago, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini na mgumu kiasi cha kumaliza meno ya msumeno mdogo. Mtu akikuchongea seti ya mpingo, ipokee na uitunze, ila ya kutupwatupwa barazani iwe ya plaiwudi.

Ukikata mbao kwa msumeno, kumbuka kwamba msumeno nao hula. Kila unapopita huondoka unga wa karibu milimita moja, na ukikata juu ya mstari kabisa, vipande vyote vitapungua, tena visipungue kwa kiasi kilekile. Njia niliyoiona inafaa ni kutengeneza kwanza seti ya karatasi ngumu, kuiweka juu ya ubao kipande kimoja kimoja huku ukiacha nafasi ya nusu kidole kati ya kipande na kipande, kuchora kukizunguka kila kimoja, kukata nje ya mstari, na kumalizia kwa msasa mpaka ufike kwenye mstari wenyewe. Utatumia ubao mkubwa kidogo kuliko sentimita 16, lakini vipande vitafanana. Laza msasa kwenye ubao ulionyooka na usugue kipande juu yake, kwa sababu ukishika msasa kwa mkono utaviringa kingo.

Usipake kila kipande rangi yake. Najua seti za dukani zimepakwa rangi saba, na zinapendeza, lakini mtoto akizizoea huanza kukumbuka kwamba paka ana mkia mwekundu badala ya kuangalia umbo. Rangi moja kwa vipande vyote, na pande zote mbili za kila kipande, inatosha.

Mikono kabla ya macho

Siku ya kwanza usimpe mtoto kivuli chochote. Mpe pembetatu mbili ndogo tu na umwambie atengeneze mraba. Akiupata, mwambie azisogeze, bila kuzinyanyua, mpaka zitoe pembetatu moja kubwa kuliko zenyewe, kisha msambamba. Baada ya hapo mletee pembetatu ya wastani, mraba mdogo na msambamba wa seti, na umwache azilaze pembetatu zake ndogo juu ya kila kimoja. Atagundua mwenyewe kwamba vipande hivi vitatu, ambavyo kwa macho havifanani hata kidogo, vina eneo moja, kwa kuwa kila kimoja ni sawa na pembetatu ndogo mbili. Ukitaka hesabu kamili, kila pembetatu kubwa ni robo ya mraba wote, kila kimoja cha vile vitatu ni sehemu ya nane, na kila pembetatu ndogo ni sehemu ya kumi na sita.

Hatua ya pili ni mraba wa vipande vitano. Weka kando pembetatu kubwa mbili, zikiwa zimeunganishwa kuwa mraba wa sentimita 11.3, na umwombe mtoto atengeneze mraba mwingine unaolingana nao kwa vipande vitano vilivyobaki. Ni kazi ngumu kiasi, na mpwa wangu aliitolea jasho jioni mbili. Jibu lake, kwa ajili ya mzazi, ni hili: pembetatu ya wastani ilale na upande wake mrefu chini, msambamba uegemee ubavu wake wa kulia, pembetatu ndogo moja izibe kona ya juu kulia, mraba mdogo ukae kona ya juu kushoto, na pembetatu ndogo ya pili izibe pengo lililobaki chini ya mraba huo.

Ni katika zoezi hili ndipo lile tatizo la kwenye gemu lilipojitokeza tena, safari hii mbele ya macho yangu. Mtoto alikuwa amerudi kutoka madrasa, akanipa shikamoo, akachuchumaa mkekani na kuanza kuuzungusha msambamba.

"Mjomba, hiki kimekataa."

"Umekizungusha mara ngapi?"

"Mara nane. Nimehesabu."

"Na ya nane kimekaaje?"

Aliangalia kwa muda. "Kama kilivyokuwa mwanzo."

"Basi kinyanyue, ukilaze kwa mgongo."

Alikigeuza kama mtu anavyogeuza chapati, na kipande kikaingia. Hakusema kitu, bali alikitoa, akakipindua tena, akakirudisha, akafanya hivyo mara nne au tano huku akikitazama.

Alichokuwa anakitazama ni hiki. Vipande sita kati ya saba, yaani pembetatu zote na mraba, ukivipindua unapata umbo ambalo ungelipata kwa kuvizungusha tu. Msambamba peke yake hauko hivyo. Ukiuzungusha kwa hatua za nyuzi 45, kama yafanyavyo magemu mengi, kila pembetatu ina mikao minane, mraba una mikao miwili, na msambamba una mikao minne, kwa sababu ukiuzungusha nusu duara unarudi ulivyokuwa. Upindue, nao utakupa mikao mingine minne ambayo mzunguko peke yake hauwezi kuifikia hata uzungushe mpaka kesho. Mtoto akilielewa hili kwa vidole vyake, nusu ya ugumu wa gemu imekwisha.

Fumbo la tatu liwe chombo cha baharini, kwa kuwa watoto wa Mikindani na Kilwa wanakijua chombo kabla ya kukijua kitu kingine. Kiunzi chake ni safu moja: anza kushoto kwa msambamba, umelala ili ubavu wake wa kushoto ushuke kuelekea ndani kama omo, yaani mbele ya chombo, fuatisha pembetatu ndogo yenye ncha chini inayoziba pengo baina ya msambamba na mraba, kisha mraba wenyewe, kisha pembetatu ndogo ya pili inayotoa mteremko wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Juu ya safu hiyo simamisha pembetatu kubwa mbili zikiwa zimegusana mgongo kwa mgongo, ndizo tanga, na kileleni pachika pembetatu ya wastani iwe bendera. Nahodha yeyote atakuambia kwamba tanga la jahazi haliko hivyo, maana halilingani kulia na kushoto, naye atakuwa amesema kweli. Tangramu ina mipaka yake.

Uzuri wa fumbo hili ni kwamba msambamba ukikataa kukaa omo kwa sababu umelala kwa uso usiofaa, utakubali kukaa tezini, na chombo chote kitakuwa kimegeuka kuelekea upande wa pili, huku kivuli kikibaki kilekile. Mruhusu mtoto alione hilo mwenyewe. Ukimwambia mapema atakubali tu na kuendelea, bila kujua amekubali nini.

Vivuli vya karatasi

Gemu humpa mtoto kivuli na kumtaka akijaze. Kabla hajafika huko, ni vizuri awe mtengenezaji wa vivuli. Mwambie apange vipande vyote saba vyovyote apendavyo juu ya karatasi, avishike visiteleze, apitishe penseli pembezoni mwake pande zote, kisha aviondoe na aijaze picha kwa kipande cha mkaa. Kivuli hicho apewe ndugu yake au rafiki yake akifumbue. Nyuma ya karatasi aandike jina la alichokusudia, lakini asichore jibu, kwa sababu jibu likichorwa litatazamwa.

Mpwa wangu alipoishiwa na samaki na kuku, nilimpa kazi ya mjusi wa Tendaguru. Kilima hicho kiko mkoani Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya dinosaria, ambayo mmoja wao mwenye shingo ndefu amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Sikumpa mtoto jibu, na sikuwa nalo. Majaribio yake ya kwanza yalitoa ng'ombe, ya pili yalitoa kitu mfano wa birika, na siku ya tatu aligundua kwamba shingo haipatikani mpaka msambamba usimame wima na pembetatu ndogo ikae juu yake kama kichwa. Kivuli chake bado kimebandikwa ukutani kwa dada, juu ya meza ya chakula, na wageni wanakiita twiga.

Kuingia kwenye gemu

Magemu ya mkononi yaliyotokana na mafumbo ya maumbo ni ya namna mbili kubwa, na inafaa kujua unashika lipi, kwa sababu kila moja lina kanuni yake kuhusu kupindua.

Namna ya kwanza ni yale ya kujaza kivuli. Mfano wake unaojulikana ni Neves, lililotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Nintendo DS, ambalo jina lake ni neno la Kiingereza lenye maana ya saba, lililoandikwa kinyumenyume. Mchezaji husogeza, huzungusha na hupindua vipande kwa kalamu ya plastiki juu ya skrini ya kugusa. Angalia lakini kwamba vipande vyake saba si hivi vya tangramu, bali vimetoka kwenye fumbo la Kijapani lenye ukataji wake, hivyo majibu ya mkekani hayatahamia kwenye skrini. Kinachohamia ni mazoea ya mkono: kuanza na vipande vikubwa, kutafuta ncha za kivuli ambazo kipande kimoja tu kinaweza kuzitoa, na kupindua kabla ya kukata tamaa. Zipo pia programu za tangramu kwenye simu, nyingi bila malipo. Ukipakua mojawapo, zima data kabla ya kumpa mtoto, maana matangazo hujitokeza katikati ya fumbo na kidole cha mtoto hubonyeza chochote kinachong'aa.

Jioni za kwanza, weka seti ya mbao pembeni ya skrini. Kivuli kikitokea, mtoto aseme kwanza, kabla hajagusa kitu, kipande kipi kitakaa wapi. Akikwama, alijaribu wazo lake kwa mbao au kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa kufuata vile vya gemu, kisha arudi kwenye skrini. Baada ya majuma mawili utaona mbao zimeachwa zenyewe, bila wewe kuziondoa. Kama gemu lina sehemu ya kushindana na saa, iache. Sijaona faida ya kumharakisha mtoto anayefikiri, na saa ikianza kuhesabu yeye hurudia kubahatisha.

Namna ya pili ni magemu ya maumbo yanayoanguka, ambayo baba yao ni Tetris. Alexey Pajitnov alilibuni mjini Moscow mwaka 1984, akiwa amevutiwa na fumbo la pentomino, ambalo ni vipande 12 vya miraba mitano mitano vinavyopangwa ndani ya boksi, na mwaka 1989 lilienea duniani pamoja na kifaa cha Game Boy. Vile vigemu vya bei nafuu vyenye skrini ya kijivu na vitufe vya mpira, vinavyotembezwa na wachuuzi stendi, ni watoto wake. Humo mna maumbo saba ya miraba minne minne, yanayoweza kuzungushwa lakini hayawezi kupindulika, na ndiyo sababu umbo linalofanana na herufi L limewekwa mara mbili, moja likitazama kulia na jingine kushoto, na lile la kupinda kama Z vilevile. Mtoto aliyekwisha kuujua msambamba ataielewa sababu hiyo mara moja.

Maumbo haya nayo yanaweza kukatwa kutoka kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Ila usimtume mtoto apange yote saba yawe mstatili mmoja wa miraba 28, kwa maana haiwezekani. Paka mstatili rangi mbili kwa kupokezana kama ubao wa drafti, nawe utapata miraba 14 ya kila rangi. Maumbo sita kila moja hufunika miwili ya kila rangi, lakini lile la mfano wa T hufunika mitatu ya rangi moja na mmoja wa nyingine, na hesabu haitalingana kamwe. Nilimpa mpwa wangu kazi hiyo kabla sijalifikiria jambo hili, na bado ananidai samahani.

Kifaa kilichokwisha kutumika

Ukinunua kifaa cha mtumba, tazama chaja kabla ya kutazama gemu. Nyuma ya chaja pana maandishi madogo yanayotaja volti. Chaja ya kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani inaweza kuwa ya volti 100 tu, na ya soko la Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Kile kigeuzi cha pini ambacho watu hununua ili plagi bapa iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu hubadilisha umbo la pini tu, umeme haubadiliki. Nayajua haya kwa harufu. Chaja niliyouziwa pamoja na kifaa, huku nikihakikishiwa kwamba "inakubali", ilitoa moshi kabla sijamaliza kufunga dirisha. Ikiwa maandishi yanasema 100 hadi 240, chomeka bila wasiwasi. Vinginevyo tafuta chaja ya volti 230, au waya wa USB unaolingana na tundu la kifaa chako.

Skrini ya kugusa ya Nintendo DS hufanya kazi kwa kubonyezwa, si kwa kuhisi mabadiliko ya umeme yanayoletwa na kidole kama simu za leo, kwa hiyo kalamu yoyote ya plastiki yenye ncha butu inafaa endapo ya asili imepotea. Kalamu ya wino isitumike kamwe. Kabla ya kulipa, buruta kipande kutoka kona hadi kona. Kikiruka au kikifuata mbali na ncha ya kalamu, fungua sehemu ya mipangilio na urekebishe mguso kwa kubonyeza alama zinazoonyeshwa, na kama bado kinaruka, kirudishe kwa mwenyewe. Lugha isikutishe. Gemu la maumbo lenye maandishi ya Kijapani huchezeka vizuri, kwa sababu baada ya kupita kurasa za mwanzo hakuna cha kusoma.

Kwa vigemu vinavyotumia betri ndogo, toa betri kila mchezo unapopumzishwa kwa zaidi ya wiki. Hewa yetu ya chumvi pamoja na joto haina huruma na betri iliyosahaulika, na ule ute mweupe unaovuja hula vyuma vya ndani. Ukiukuta, chovya pamba kidogo kwenye siki au maji ya limao, sugua taratibu mpaka weupe utoke, kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti na uache kifuniko wazi mpaka pakauke kabisa. Mchanga nao ni adui wa vitufe, hivyo gemu lisiende ufukweni, hata mtoto aape kwamba atalishika juu.

Seti ya mbao ishonewe kifuko cha kitenge chenye kamba ya kuvuta, na mtoto aizoee kuhesabu hadi saba kila anapoifunga. Kinachopotea mara nyingi ni pembetatu ndogo. Ile seti ya karatasi ngumu uliyotumia kuchorea usiitupe, iweke chini kabisa ya kifuko, kwa kuwa ndiyo itakayokupimia kipande kipya siku mbuzi wa jirani atakapopita barazani.